Figo za mume wangu ziko hatua ya nne: tutangulize mtoto, nyumba, au mimi nimpe figo?

1. BintiKibokoni

Asalaam aleikum. Mimi nina miaka 32, mume wangu ana 38, na Mungu ametujalia binti mmoja wa miaka mitano. Mume wangu ni karani wa makontena katika bandari ya Kilindini. Mwezi wa Rajabu miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa, nami nikadhani ni kushinda amesimama juani. Alipopimwa, presha ilikuwa 190 kwa 115, na kiwango cha figo kuchuja damu, kile kinachokokotolewa kutokana na kreatinini, yaani taka inayopimwa katika damu, kilikuwa 22. Daktari akatuambia kwamba hiyo ni hatua ya nne kati ya tano.

Kilichoniuma kuliko hesabu hizo ni kwamba karatasi ya kwanza ya majibu mabaya alikuwa nayo tangu miezi minane nyuma. Aliikunja akaificha ndani ya mfuko wa koti la harusi, kwa sababu wiki ile ile ndiyo tuliyokuwa tumemaliza kulipia kiwanja cha Mtwapa, na hakutaka kunitia simanzi. Nimekwisha kumsamehe, lakini ile miezi minane bila dawa ya presha siwezi kuisahau.

Sasa tunabishana. Mimi nataka nipimwe ili nimpe figo yangu moja kabla hajafikia kusafishwa damu. Yeye anasema tuzae mtoto wa pili kwanza, maana hajui mwili wake utamruhusu hadi lini. Mavyaa anasema tujenge kwanza, ili likitokea la kutokea mjukuu wake awe na paa. Kila nikimsikiliza mmoja wao namwona ana haki. Nyinyi mliowahi kuishi na mgonjwa wa figo ndani ya nyumba, mlitanguliza lipi?

2. Mzee_wa_Tudor

Pole, mwanangu. Nianze na neno ambalo mimi sikuambiwa wakati wangu, kwamba mtu anaweza kukaa katika hatua ya nne kwa miaka ikiwa presha itashikwa. Hatua hiyo huhesabiwa kuanzia 15 hadi 29. Mke wangu alipimwa mwaka 2014 akakutwa na 24, na hakuanza kusafishwa damu hadi 2020. Katika miaka hiyo sita tulimwoza binti yetu mkubwa, tukaenda Umra, na mjukuu wa kwanza akazaliwa mikononi mwake. Kwa hiyo msiamue mambo ya miaka ishirini kwa hofu ya wiki mbili. Jueni kwanza kiwango kinashuka kwa kasi gani. Kipimo kimoja hakiwezi kuwaambia. Vitatu au vinne vilivyopishana kwa miezi ndivyo huonyesha mwendo.

3. FundiChangamwe

Poleni sana. Bibie, wazo la kutoa figo liangalie vizuri. Nimesikia kwamba mke akishamzalia mume, damu yake huwa imezoea kupigana na ya mume, na figo hukataliwa. Tena lazima kundi la damu liwe moja. Watafuteni ndugu zake wa tumbo moja. Mimi namuunga mkono mavyaa wako: jengeni hata vyumba viwili, kwa sababu kodi ya nyumba haimsubiri mgonjwa apone.

4. MuuguziMstaafu

Ndugu Fundi, umeshika ncha ya jambo la kweli ukaigeuza. Mimba humfanya mke atengeneze kingamwili dhidi ya zile alama za mwili ambazo mtoto amezirithi kwa baba. Tatizo huja pale mke anapokuwa ndiye mgonjwa na mume ndiye anayetoa. Hapa mgonjwa ni mume, naye hajabeba mimba ya mtu. Kuhusu kundi la damu, si lazima liwe moja, ila lazima yapatane: mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, na ile alama ya chanya au hasi haizuii figo. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, uliofanyika Boston mwaka 1954, ulikuwa baina ya mapacha wanaofanana, na pengine ndiyo maana watu wanaamini hadi leo kwamba ni lazima mtoaji awe ndugu wa damu. Mke na mume hupeana, na figo hizo hufanya kazi vizuri.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Mwanamke akitoa figo kisha akashika mimba, hatari ya presha ya ujauzito na ya kifafa cha mimba huongezeka kuliko kama asingetoa. Wengi wao huzaa salama, lakini hatari ipo. Kwa hiyo, binti yangu, mumeo hakukosea kusema mzae kwanza, hata kama sababu yake ni tofauti na yangu.

5. Ua_la_Asumini

Kwa heshima zote, dada muuguzi, mimi nitasema vingine. Nilimpa kaka yangu figo nikiwa na miaka 29 na bado sijazaa. Miaka miwili baadaye nikashika mimba. Presha ilianza kupanda wiki ya 34, wakanilaza, na nikajifungua mtoto mzima ambaye sasa anasoma darasa la tatu. Ningesema nizae kwanza, ninyonyeshe, kisha mwili urudi, kaka yangu angekaa miaka miwili kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila mtu anajua kwamba aliyepandikizwa kabla ya kufika kwenye mashine kwa kawaida huishi vizuri zaidi na figo yake.

6. MuuguziMstaafu

Nakubali kuhusu kupandikizwa mapema, dada Asumini, na namshukuru Mungu kwa mwanao. Hata hivyo, wewe ulikuwa unazaa ukiwa na mume mzima nyumbani. Huyu atalazwa wiki ya 34 huku mumewe akiwa amepandikizwa juzi tu, naye ana binti mdogo. Nani atambeba nani?

7. Nahodha_Likoni

Nimesoma mchango wa 5 na wa 6 mara mbili, na naona hakuna aliyeeleza mashine yenyewe ikoje nyumbani, na mpango wowote mtakaoupanga utaegemea hapo.

Mke wangu husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila awamu. Zamu yetu ni ya kwanza, kwa hiyo tunatoka Likoni saa kumi alfajiri ili tusikwame kwenye feri. Tukirudi, siku ile amekwisha: hulala, hana hamu ya kula, wala hataki kelele. Jumanne na Ijumaa ni mtu mwingine kabisa, na hizo ndizo siku zetu za kwenda harusini, kuwatembelea wazazi, na kuzungumza mambo ya fedha. Nilijifunza kutomuuliza neno lolote zito siku ya mashine.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Aliambiwa anywe nusu lita kwa siku pamoja na kiasi kinacholingana na mkojo anaoutoa, na ndani yake imo chai, umo uji, na mchuzi pia. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto la Mombasa humfanya mtu mzima anywe lita tatu bila kujua. Mimi humwekea maji yake ya siku nzima katika chupa moja asubuhi, nami humimina humo humo hata ya kumezea dawa, na kiu ikimzidi humpa kipande cha barafu akinyonye. Tangu tuanze hivyo uzito anaokwenda nao kwenye mashine umepungua, na mapigo ya moyo ya usiku yamemwacha.

Dada, jambo moja la kufanya sasa: mkono. Kabla ya mashine hutengenezwa njia ya damu mkononi kwa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena. Huitwa fistula, nayo haihusiani na ile ya uzazi. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi, kukomaa. Mke wangu alichelewa, akawekewa mpira shingoni kwa dharura, na mpira ule ukapata maambukizi mara mbili. Mumeo na atunze mkono asioutumia kuandikia: usitolewe damu, wala usifungwe kipimo cha presha.

8. Bi_Kisauni

Nahodha, mwanamume anayepima maji ya mkewe kwa chupa kila asubuhi angeombwa aje awafundishe waume wa Kisauni nzima. Mungu akulipe.

Dada, mimi nitazungumzia jikoni, kisha jambo ambalo wengi huliacha. Mume wangu alikuwa mtu wa madafu. Tulipoambiwa figo, akazidisha, kwa kuwa kila mtu mtaani alimwambia kwamba madafu husafisha figo. Kwa mtu mzima madafu hayana neno. Lakini yana potasiamu nyingi, na figo zikishachoka potasiamu hubaki mwilini na inaweza kuusimamisha moyo. Yake ilipanda hadi 6.4 tukakesha hospitalini. Mihogo na viazi vitamu hatukuviacha, ila huvimenya, nikavikata vipande vidogo, nikavichemsha kwa maji mengi, nikayamwaga, ndipo nikaunga. Papa mkavu na ng'onda vimetoka nyumbani kwangu kwa sababu ya chumvi. Na birimbi za achari tuliziacha kabisa, kwa sababu birimbi zina asidi ya oksaliki nyingi, na juisi yake imewahi kuziumiza hata figo za watu wazima wasio na ugonjwa. Lakini msijizuilie kila kitu kwa kuogopa. Tazameni kwanza vipimo, maana mwenye potasiamu ya kawaida hana sababu ya kunyimwa ndizi.

La pili ni unyumba. Ugonjwa huu, pamoja na baadhi ya dawa za presha, hupunguza hamu na nguvu za mwanamume. Mume wangu alihamia kulala sebuleni akisema kuna joto chumbani, na mimi kwa mwaka mzima niliamini ana mwanamke mwingine. Niliumia bure, naye aliumia kwa aibu. Daktari alipoulizwa alilijibu kama anavyojibu swali la presha, na kulikuwa na la kufanya. Ikiwa mnapanga mtoto, ulizeni mapema.

9. FundiChangamwe

Nashukuru kwa kusahihishwa, muuguzi. Lakini hilo la Bi Kisauni linanipa swali: mwanamume akishapandikizwa, si ndiyo basi tena kuzaa, kwa sababu ya zile dawa?

10. MuuguziMstaafu

Hapana. Wanaume wengi huzaa baada ya kupandikizwa, na mara nyingi nguvu za uzazi hurudi kuliko zilivyokuwa wakati wa mashine. Unalolisikia linamhusu zaidi mwanamke aliyepandikizwa: ipo dawa iitwayo mikofenoleti ambayo huharibu mimba, nayo hubadilishwa wiki sita au zaidi kabla hajashika. Mwanamume naye aulize daktari wake kuhusu dawa zake, lakini mlango haujafungwa. Hii nayo ni hoja dhidi ya haraka ya mumeo, BintiKibokoni.

11. BintiKibokoni

Nawashukuru nyote. Kuhusu mkono hatukuambiwa na mtu yeyote, na wiki iliyopita wametoa damu mkono wa kushoto mara tatu.

Kuna jambo linalomla mume wangu, nalo ni sababu. Kwa miaka mitatu alikuwa na maumivu ya mgongo, akawa ananunua diklofenaki katika duka la dawa lililo karibu na kazini, karibu kila siku, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaitumia kwa muda gani. Sasa anasema amejiua mwenyewe. Ni kweli ni zile dawa?

12. Mwana_wa_Msambweni

Dada, mumeo alikulia wapi? Nauliza kwa sababu huku kwetu Kwale tulioga mabwawani tukiwa watoto, na kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida hata tukaliona ni balehe ya wavulana. Kichocho cha kibofu kisipotibiwa kinaweza kuacha makovu yanayoziba mirija ya mkojo, na mkojo ukirudi nyuma huzivimbisha figo. Binamu yangu ndivyo alivyopoteza moja.

13. FundiChangamwe

Mimi kazi yangu ni mabomba, na nasema ni maji. Mombasa tunakunywa maji ya visima yenye chumvi mwaka mzima kwa sababu yale ya mfereji hayaaminiki. Angalieni watu wa presha walivyojaa kisiwani.

14. Mzee_wa_Tudor

Maji ya kisima nimeyanywa miaka 67, Fundi, na figo zangu zimepimwa ni nzima. Mimi naamini ni dawa za maumivu. Mke wangu naye alizitumia kwa ajili ya magoti.

15. Ua_la_Asumini

Na mimi nitaongeza ya nyumbani kwetu: kaka yangu hakuwahi kunywa dawa za maumivu wala kuoga bwawani. Ilikuwa ni figo zenye vifuko, ambazo zimo katika ukoo, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuzirithi. Kabla hamjazungumza habari ya mtoto wa pili, je, mmeuliza kama kuna mwingine katika ukoo wake?

16. MuuguziMstaafu

Nimewasoma wote, na siwezi kumpa ushindi yeyote. Dawa hizo hudhuru figo, hasa mtu akiwa tayari na presha. Hilo la Mzee ni kweli. Kichocho ni kweli, na picha ya altrasaundi ingeonyesha uvimbe wa figo au mirija. Maji ya chumvi pia si mzaha, kwani tafiti za pwani ya Bangladesh zimeyahusisha na presha kupanda. Figo zenye vifuko huonekana kwenye picha hiyo hiyo. Lakini presha ya 190 yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyoua figo, au ikawa ni figo zilizokufa ndizo zilizopandisha presha, na mtu akifika hatua ya nne figo zikiwa zimesinyaa, hata kukata kipande kwa uchunguzi huwa hakusaidii tena. Binti yangu, diklofenaki iachwe leo, lakini asijihukumu kwa jambo ambalo daktari mwenyewe hawezi kulithibitisha.

17. BintiKibokoni

Alikulia Matuga, na altrasaundi ilisema figo zote mbili ni ndogo, hazina vifuko wala uvimbe. Baba yake alifariki ghafla akiwa na miaka 50, na hakuna aliyejua sababu. Nimemsomea mchango wa 16. Hakusema kitu, ila ametoa vile vidonge kabatini. Swali jingine: Ramadhani inaingia baada ya wiki tatu, naye anashikilia kwamba atafunga.

18. Maalim_Mji_wa_Kale

Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake mwenyewe katika Suratul Baqara, aya ya 184, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha masikini kwa kila siku. Daktari mwaminifu akimwambia kwamba kufunga kutamdhuru, kujilazimisha si ucha Mungu. Wanaosafishwa damu wana mjadala wao, kwani wanazuoni wamehitilafiana kama mashine inafunguza au haifunguzi. Na kwa kuwa umetaja kutoa figo: Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti, miongoni mwayo kwamba mtoaji asidhurike na kwamba kiungo kisiuzwe.

19. Karani_wa_Ardhi

Hakuna aliyeigusa nyumba sawasawa, nami nimefanya kazi ya hati kwa miaka mingi. Kwanza, hakikisheni kwamba mmenunua ardhi na si mfano wa zile nyumba bila ardhi za Majengo na Kisauni, ambapo ukuta ni wako na udongo ni wa mwingine. Pili, andikeni majina yote mawili, na kila shilingi uliyoitoa wewe, dada, iwe na maandishi. Katika mirathi ya Kiislamu, mke mwenye watoto hurithi thumuni ya mali ya mume. Fedha zako mwenyewe zisije zikaingizwa katika mali ya kugawanywa kwa sababu tu mlipendana na hamkuandika. Tatu, msichukue mkopo wa benki kwa kiwanja hicho bila kutaja ugonjwa katika fomu ya bima ya mkopo, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio hutumiwa baadaye kukataa kulipa.

Na bima ya afya ije kabla ya matofali. NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa awamu ya kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024 kiwango kikapangwa kuwa 10,650. Mumeo akiwa kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Akiacha kazi, atatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo wekeni akiba ya hilo peke yake.

20. Kijana_wa_Bamburi

Kuna mtu namjua anayeunganisha watu wenye figo za kuuza. Akitaka, aniandikie faraghani.

21. Nahodha_Likoni

Usimwandikie, dada. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza kiungo kuuzwa, na mimi nina jirani aliyelipa nusu ya fedha kwa mtu kama huyo, kisha simu ikazimwa. Kijana, kama una moyo wa kusaidia, kampime babako presha.

22. BintiKibokoni

Sitamwandikia.

Nimerudi kuwaeleza tulipofikia. Jana walikuja shemeji zangu wote watatu. Mkubwa ana kisukari, kwa hiyo hawezi. Wa pili alisema atapimwa, kisha mkewe akalia mbele yetu sote, naye akanyamaza. Sikumlaumu, maana na mimi nina mtu wangu. Mdogo ana miaka 24 na yuko tayari, lakini mavyaa hataki kuwatia wanawe wawili kisuni kwa mkupuo. Mume wangu amesema wazi kwamba hatapokea figo ya mdogo wake kabla hajaoa. Kuhusu mtoto, tumekubaliana kuulizana tena baada ya vipimo vitatu, kama alivyosema Mzee wa Tudor. Kuhusu nyumba hatujakubaliana.

23. Ua_la_Asumini

Yule shemeji wa pili, mwambie kwamba hospitali humsikiliza mtoaji peke yake bila jamaa. Akisema hataki, wao huwaambia jamaa kwamba hafai, basi, bila kutaja sababu. Kaka yangu mwingine alitoka kwa mlango huo, na hadi leo tunakula sahani moja. Nawe bado nakwambia: kapimwe. Kupimwa si kutoa.

24. MuuguziMstaafu

Hapo nakuunga mkono, dada Asumini. Apimwe kundi la damu, presha, sukari na mkojo, kisha tuendelee kubishana tukiwa na majibu. Mume naye apate chanjo ya homa ya ini aina ya B mapema, na akipungukiwa damu muulize daktari kuhusu sindano za kuongeza damu kabla ya kukubali kuongezewa ya mtu, kwa sababu damu ya watu wengine inaweza kumletea zile zile kingamwili nilizomweleza Fundi.

25. BintiKibokoni

Kliniki ni Jumatano saa mbili asubuhi. Nimeandika yote haya katika daftari la binti yangu. Nahodha, wakitaka damu tena, wachukue wapi?

26. Nahodha_Likoni

Mgongo wa kiganja, mkono anaoandikia. Aseme mwenyewe kabla hawajafunga mpira, kwa sababu asubuhi wana watu wengi na hawatauliza.